Dereva wa Kioo cha Upeo

Asikasirike mtu, maana nchi ya Upeo haimo katika ramani yoyote, na wenyewe hawasomi kitabu ambacho herufi zake hazijafika ukubwa wa kiganja. Mwantumu Kirobo alifika huko akiwa amechoka. Alikuwa fundi wa kompyuta kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke ambaye mgongo wake ulikwisha kuzoea kuinama nyuma ya meza za watu kutafuta waya uliochomoka. Njia aliyopita hakupenda kuisimulia. Alisema tu kwamba aliitwa, akaenda, akakuta watu.

Jambo la kwanza aliloliona huko ni maandishi. Katika mji mkuu, uitwao Katikati, herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna kibao kilichomaliza neno. Hospitali kuu ilikuwa na kibao kilichosema HOSPI, na aliyetaka kujua zaidi alishauriwa aulize. Barabara aliyoshukia iliitwa BARAB. Wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Nchi nzima iliandikwa kwa kufuata Kioo, na Kioo kilikuwa hivyo.

Kioo chenyewe kilikuwa kompyuta ya mezani, ya kawaida kabisa, iliyotandikiwa kitambaa cha kufuma katika ukumbi wa Baraza la Waonaji. Orodha ya vijiji ilikuwa humo, na amri, na vyeti, na malango ya maji ya mifereji yote. Sheria ya kwanza ya nchi ilisema: kisichoonekana Kiooni hakipo. Ilikuwa sheria nzuri siku ilipotungwa, maana siku hiyo kila kitu kilionekana.

Aliyempokea ni Bi Sikitu, Katibu wa Kioo, mwanamke mpole ambaye hakuliachia faili lake hata alipokuwa akinywa chai.

"Kioo kiliugua miaka kumi na mmoja iliyopita," alieleza. "Tuliamka asubuhi tukakuta vitu vyote vimekua. Herufi zimenenepa. Picha ya Mheshimiwa Mwonaji Mkuu imejaa upande mzima. Tulidhani ni neema, fundi."

"Na vilivyokuwa pembeni vilikwenda wapi?"

"Vipi hivyo?"

"Vitu vikikua na kioo hakijaongezeka, lazima vingine vianguke nje."

Bi Sikitu alilitazama faili lake. "Hivyo haviko chini ya ofisi yangu."

Siku ile ya ugonjwa, Kioo kiliandika maneno matatu: Dereva hapatikani. Azimio halilingani na kioo. Na katika pembe zake zote nne kikaandika Hali Salama.

Fundi yeyote angeyaelewa. Dereva ni programu ndogo inayoiongoza kadi ya picha. Isipokuwepo, kompyuta hukisia, na ikikisia huchora vitu vichache na kuvifanya vikubwa. Azimio ni neno ambalo mfasiri fulani, Mungu amsamehe, alilichagua kutaja idadi ya vinukta vinavyoijenga picha. Na Hali Salama ni hali ya mgonjwa aliyelazwa, mashine inapofanya yale machache tu isiyoyaogopa.

Lakini Waupeo hawakuwa mafundi. Waliyasoma maneno yale kama yalivyoandikwa. Waliambiwa dereva hapatikani, wakaajiri dereva. Waliambiwa azimio halilingani, wakakutana siku tisa wakapitisha Azimio la Kioo, lenye vipengele arobaini, na kila mwaka siku hiyo wanafunzi huandamana wakiliimba. Na Hali Salama waliipokea kwa machozi ya furaha. Waliichora kwenye nembo ya taifa, na kusema hadharani kwamba nchi itolewe katika hali hiyo kukawa kosa la kumweka mtu ndani.

Mwantumu aliyasikiliza yote haya bila kucheka. Angekuwa na miaka thelathini angecheka.

Dereva wa Kioo aliitwa Mzee Ngwali. Kabla ya uteuzi alikuwa ameendesha lori la saruji kwa miaka ishirini bila ajali, na hiyo ndiyo sifa iliyompa kazi. Alivaa sare ya kaki na kofia, akakaa mbele ya Kioo kwenye kiti chenye mkanda, mkono wake wa kulia juu ya kipanya. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Naye hakuruhusiwa kukisogeza mpaka Baraza limwagize, kwa kuwa, walisema, safari huamuliwa na abiria.

"Mheshimiwa," Mwantumu alimwambia Mwonaji Mkuu siku ya kwanza, "kwanza naomba kujua mmeniitia nini hasa."

Mwonaji Mkuu, Mheshimiwa Luhende, alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, na macho yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Miwani alikuwa nayo mfukoni. Hakuivaa kamwe, kwa kuwa mtu mwenye cheo cha Mwonaji hawezi kuonekana akisaidiwa kuona.

"Picha yangu imeanza kutetemeka," alisema. "Sherehe za Azimio ziko karibu. Wananchi wataniona natetemeka."

Mwantumu alisogea kukitazama Kioo, nusura atumbukie. Chini ya meza palikuwa na shimo la kina cha mtu, limezungushiwa uzio wa chuma.

"Hilo ni la nini?"

"La kitufe," Bi Sikitu alijibu. "Kila amri hukamilishwa kwa kubonyeza kitufe kiitwacho Thibitisha, na zamani kilikuwa chini kabisa ya Kioo, upande wa kulia. Vitu vilipokua, kikaenda chini zaidi. Tukachimba."

"Mkakiona?"

"Bado. Kuna pendekezo la kuongeza kina."

Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja hakuna amri iliyothibitishwa Upeo. Kila jambo lilifanywa kwa majaribio. Walimu walifundisha kwa majaribio. Watu walioana kwa majaribio, na watoto waliozaliwa humo sasa walikuwa darasa la nne. Mwantumu alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, kwa kuwa miguu ilimuuma, akasema alichokuwa hana budi kukisema.

"Waheshimiwa, tatizo ni dogo. Dereva aliyepo siye."

Bi Sikitu aliandika kitu haraka kwenye faili. Mzee Ngwali hakugeuka. Aliitazama mikono yake.

"Mafundi saba walikuja kabla yako," Mheshimiwa Luhende alisema taratibu. "Wote waliitukana kazi ya huyu mzee kwa maneno hayohayo. Tuliwasindikiza mpakani."

Mwantumu alijua wapi pa kushikia. "Basi tuache habari ya dereva. Lakini kutetemeka kutazidi, Mheshimiwa. Nipeni ruhusa ya kuzima na kuwasha."

Walisema watalijadili.

Alasiri hiyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, anakula muhogo wa kuchoma, Mzee Ngwali alipomfuata. Alivua kofia kwanza.

"Mama fundi, ulichosema ni kweli. Mimi siye."

"Sikukusudia kukudhalilisha, mzee."

"Mwezi wa kwanza tu nilijua. Gari nimeliendesha miaka ishirini. Najua kitu kinapokwenda na kinapokuwa kimesimama. Hiki hakiendi popote." Alikaa ngazi ya chini yake. "Nimenyamaza kwa sababu nilitaka kukaa karibu nacho. Nilisema, nikikaa karibu, huenda siku moja nikapaona kwetu."

Kwao ni Ukingoni, kijiji cha mwisho kusini, kimoja kati ya saba vilivyokuwa pembe ya kulia, chini, vitu vilipokua. Tangu siku ile hakipo. Wanakijiji wakija Katikati kudai haki yao, karani huwaamkia vizuri, kisha huwaeleza kwa adabu kwamba yeye hawaoni. Wiki moja kabla ya Kioo kuugua, Baraza lilikuwa limeandika amri ya kulifungua lango la maji la Ukingoni. Ilibaki kubonyezwa Thibitisha.

"Mama yangu yuko huko," Mzee Ngwali alisema. "Ana miaka themanini na kitu. Kisima chao kimegeuka chumvi. Huenda mtoni na ndoo, asubuhi mpaka adhuhuri. Mwezi uliopita alianguka njiani, akalala pale mpaka watu wa mnadani walipompitia. Nimemwomba ahamie kwangu. Anasema hamwachi baba peke yake kaburini kwenye ardhi kavu." Aliikunjua kofia, akaikunja tena. "Akianguka tena sijui nani atapita."

Mwantumu aliumia. Alikuwa amekuja kutengeneza picha inayotetemeka, arudi kwake alale. Sasa usingizi wenyewe uliharibika.

Mjadala wa kuzima na kuwasha ulichukua siku tatu. Waonaji wa upande mmoja walishikilia kwamba Kioo kikizimwa nchi itakuwa haipo, wao wakiwemo. Wa upande wa pili walikubali kwamba itakuwa haipo, ila wakasema si kwa muda mrefu. Mmoja alitaka kujua kama muda huo utahesabika katika utumishi wake. Swali gumu lilikuwa la Hali Salama: nani atathubutu kuiondoa nchi kwenye usalama? Mwantumu aliulizwa iwapo kikiwashwa maneno hayo yatarudi. Alijibu kwamba Mungu akipenda hayatarudi, wakaguna, akaongeza kwamba picha ya Mheshimiwa itatulia. Hapo ndipo ruhusa ilipotoka. Ilitoka kwa majaribio.

Kioo kilipozimwa, Waonaji wote walifumba macho, maana kisheria hawakuwepo, na mtu asiyekuwepo hatazami. Mwantumu hajawahi kufanya kazi kwa raha kama siku hiyo. Alilifungua kasha, akapuliza vumbi la miaka kumi na mmoja, akaisafisha kadi ya picha na kulisoma jina lake. Kisha akawasha mashine, akaiweka ile programu ndogo kutoka kwenye flashi yake, akazima tena, akawasha tena. Mzee Ngwali ndiye aliyesogeza kipanya, kwa kuwa sheria ni sheria, na Mwantumu akawa anamwelekeza: hapa, hapo, shuka kidogo.

Picha ikaja. Ilikuwa nchi nzima kwa mara moja, yenye mistari myembamba, mifereji ya buluu, vijiji vilivyosambaa mpaka ukingoni kabisa, kila kimoja na jina lake zima. Chini kulia palikuwa na Ukingoni. Chini yake amri ya lango, na chini ya amri kitufe cha Thibitisha, kidogo kama punje ya mchele. Mzee Ngwali alitaka kuinuka, mkanda ukamrudisha kitini.

Katikati ya picha kikajitokeza kisanduku cheupe: Je, ungependa kubaki na mwonekano huu? Usipojibu, wa zamani utarudi baada ya sekunde kumi na tano. Chini yake palikuwa na kitufe cha Baki.

"Jibuni, waheshimiwa," Mwantumu alisema. "Ni kusema ndiyo tu."

Hapa lazima ielezwe desturi moja ya Baraza. Hakuna neno linalosemwa ukumbini kabla ya salamu, na salamu hutolewa kwa kila Mwonaji, kwa cheo chake, kuanzia mkubwa. Bi Sikitu alisimama.

"Mheshimiwa Mwonaji Mkuu, Mlinzi wa Hali Salama, Baba wa Azimio. Mheshimiwa Mwonaji wa Kwanza, Mwonaji wa Kaskazini na Vitongoji vyake. Mheshimiwa Mwonaji wa Pili..."

Sekunde kumi na tano zikaisha. Kioo kikapepesa, vitu vikanenepa, Ukingoni ikatoweka.

Mwantumu aliwaeleza kilichotokea. Mafundi saba waliomtangulia, aliulizia baadaye, hakuna hata mmoja aliyefika hapo. Bi Sikitu aliuliza kama Kioo hakiwezi kuombwa kusubiri.

"Hakisubiri, dada yangu. Kimetengenezwa hivyo kwa huruma, ili mtu aliyekosea akajikuta haoni kitu asiachwe gizani. Nani angejua kuna watu watahitaji muda zaidi?"

Wakajaribu mara ya pili. Safari hii Mheshimiwa Luhende aliivunja desturi mwenyewe, kwa hasira.

"Mbona nimepungua?" Picha yake sasa ilikuwa pembeni juu, ndogo kama stempu.

"Hujapungua, Mheshimiwa. Ni wengine ndio wamerudi."

"Na hizi herufi? Nani ataziona?"

"Zinaweza kukuzwa peke yake, bila kumtoa mtu. Nipe dakika mbili. Lakini kwanza jibu..."

Kioo kikapepesa. Mheshimiwa Luhende alijiona tena mkubwa, akashusha mabega, na Mwantumu aliona, bila kupenda, kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee anayeogopa kuvaa miwani.

"Mara moja nyingine tu, isije ikasemwa hatukujaribu," Mwonaji Mkuu alisema, "halafu fundi apumzike aende kwao. Kioo kibaki kama kilivyokuwa. Kutetemeka nitakuzoea."

Mwantumu aliinama karibu na kiti cha dereva kana kwamba anakagua waya. Mzee Ngwali aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Mtu akibonyeza Baki, hakirudi tena?"

"Hakirudi."

"Na mimi?"

Angeweza kumdanganya. Watu humdanganya mgonjwa, na wakati mwingine ni ihsani. Lakini mzee huyu alikuwa amekwisha kudanganywa kwa sare na kofia miaka kumi na mmoja.

"Wewe hutahitajika tena, mzee wangu. Dereva wake keshawekwa."

Mzee Ngwali alitikisa kichwa polepole, akaufungua mkanda.

Picha ikaja mara ya tatu. Bi Sikitu akasimama. "Mheshimiwa Mwonaji Mkuu, Mlinzi wa Hali Salama..." Kisanduku kikahesabu kumi na mbili, kumi na moja. Mkono wa dereva ulibaki palepale kwenye kipanya, mishipa imemtoka. Mwantumu alikuwa hana la kufanya tena. Kugusa hakuruhusiwa, kusema alikwisha kusema. Alisimama tu, akachoka na nchi hiyo, akachoka na kila nchi aliyowahi kuitwa. "Mheshimiwa Mwonaji wa Kwanza, Mwonaji wa Kaskazini na Vitongoji vyake..." Sita. Tano.

Mzee Ngwali akabonyeza Baki. Kisanduku kikafungika. Kisha, kabla Mwonaji wa Pili hajafikiwa na salamu zake, akakishusha kipanya mpaka pembe ya kulia, chini kabisa, akabonyeza Thibitisha.

Hakuna kilicholia. Karibu na jina la Ukingoni kialama chekundu kilibadilika kikawa kijani, basi.

"Nani amekuagiza?" Mheshimiwa Luhende aliuliza.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Umeendesha bila abiria kusema."

"Ndiyo. Nimewaendesha mara moja tu, Mheshimiwa, miaka kumi na mmoja. Mnisamehe." Akaivua kofia, akaiweka juu ya kitambaa cha kufuma.

Alifukuzwa kazi papo hapo, na hilo ndilo jambo la kwanza Baraza lililolithibitisha kikamilifu, kitufe kikiwa sasa kinaonekana. Bi Sikitu alikabidhiwa kipanya, akaamriwa aurudishe mwonekano wa zamani. Akaurudisha. Kioo kikamwuliza kama angependa kubaki nao. Akasimama kutoa salamu, na kabla hajafika kwa Mwonaji wa Tatu nchi nzima ikawa imerudi yenyewe, vijiji saba vyote vikiwa mahali pake. Walijaribu mara sita. Mwantumu alihesabu akifunga begi lake. Mwishowe waliagiza pazia, likatundikwa upande wa kulia, wakaliita la mapambo. Lakini lango lilikwisha kufunguka, na kulifunga kulihitaji amri mpya, na amri mpya ilihitaji mjadala.

Mwantumu hakuwa na haja ya kupita Ukingoni. Alipita kwa sababu Mzee Ngwali alikuwa anakwenda, na asingependa mtu huyo aende peke yake.

Walifika asubuhi. Maji yalikuwa yamewatangulia. Yalikuja machafu, yenye majani na vipande vya mbao, yakipita mferejini ambako mbuzi walikuwa wamezoea kulala. Watu walisimama kandokando. Wengine walitia mkono wakautoa, wakautazama. Hakuna aliyejua nani kafungua. Redio ilikuwa imekwisha kusema kwamba ni matunda ya Azimio.

Bi Tabu, mama yake Ngwali, alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Aliitikia marahaba, akampokea mgeni, kisha akamtazama mwanawe kuanzia kichwani, kisichokuwa na kofia.

"Leo si siku ya mapumziko."

"Nimefukuzwa, mama."

"Kwa kosa gani?"

Mzee Ngwali alifikiri. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na alisimama pale kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule. "Nilibonyeza," alisema.

Bi Tabu hakuelewa, wala hakuuliza. Alinyoosha fimbo kuelekea ndoo mbili zilizojaa, zilizowekwa kando zitulie tope.

"Basi kaoge," alisema. "Una vumbi la safari. Maji yapo."

Akazichukua ndoo akaenda nyuma ya uzio wa mabati. Mwantumu alipewa mkeka, akanyoosha miguu. Walimsikia mzee akijimwagia kopo la kwanza, la pili, la tatu, bila kusita katikati, maji yakipiga mawe na kutiririka mpaka uani. Kisha sauti ya kopo ikakoma, ikabaki sauti ya mtu mzima anayelia akidhani hasikiki.

Jirani mmoja, mama aliyekuja kumtazama mgeni, aliuona mfereji mdogo ukipita miguuni pake. "Huyu atazimaliza ndoo zote," alisema.

"Mwache," Bi Tabu alijibu. "Na amwage."